Magurudumu ya nyuma ya pikapu: kwa nini diski zilichelewa kufika huko

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, tuongee kuhusu breki. Najua wengine mtauliza mwandishi wa programu anatafuta nini chini ya gari. Ni hivi: rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anafanya kazi Texas, amenunua pikapu ya Chevrolet C10 ya mwaka 1972 na anataka kutoa breki za dramu za nyuma aweke za diski. Aliniomba nisome naye maelezo ya vifaa kabla hajatoa pesa, kwa sababu kila muuzaji aliyemuuliza alimwambia jambo moja tu: diski ni bora, dramu ni za kizamani, badilisha.

Nilianza kusoma jioni moja nikaishia wiki mbili, maana swali lililonikaa kichwani halikuwa la vifaa tena. Kama diski ni bora hivyo, kwa nini pikapu hiyo ilitoka kiwandani ikiwa na diski mbele na dramu nyuma? Na kwa nini pikapu nyingi zilizotengenezwa miaka 40 baadaye zilikuwa hivyo hivyo?

Wengi hujibu kwa neno moja: ubahili wa viwanda. Kuna ukweli hapo, dramu ni rahisi kutengeneza. Lakini nadhani hilo ni nusu ya jibu, na hata si nusu kubwa. Ukifuata historia yenyewe utaona kwamba shida ya magurudumu ya nyuma ya pikapu mara nyingi imekuwa breki kuzidi, wala si breki kupungua. Anayebadilisha bila kujua hilo anaweza kutumia pesa nyingi akapata gari linalosimama vibaya kuliko mwanzo.

Tuanze mbali kidogo. Ford Model T ilitoka mwaka 1908. Mwaka 1925 Ford ikaanza kuuza Model T yenye sanduku la mizigo lililofungwa kiwandani, kwa dola 281. Kabla ya hapo mkulima alinunua gari la kawaida halafu akamtafuta seremala. Sasa, pikapu hiyo haikuwa na breki mbele kabisa. Ukikanyaga pedali ya breki ulikuwa unakaza mkanda ndani ya giaboksi, na kupitia shafti nguvu hiyo ikafika magurudumu ya nyuma. Wenzo wa mkono nao ulikaza breki ndogo kwenye magurudumu hayo hayo ya nyuma. Mbele hakuna kitu.

Leo tunaona ajabu, lakini wakati huo ilionekana busara. Watu waliogopa kwamba ukifunga breki magurudumu ya mbele gari litavutwa upande, au usukani utakuwa hausikii. Pia kupitisha nyaya na vyuma hadi kwenye gurudumu linalokatwa kushoto na kulia ilikuwa kazi ngumu. Kwa hiyo gurudumu la nyuma, ambalo baadaye lingekuwa la mwisho kupata breki za kisasa, ndilo lililobeba kazi yote mwanzoni.

Aina mbili za breki tunazobishania leo zina umri mmoja. Mwaka 1902 Louis Renault kule Ufaransa alisajili breki ya dramu, na mwaka huo huo Frederick Lanchester wa Birmingham, Uingereza, akasajili breki ya diski. Kwa hiyo anayekwambia diski ni teknolojia mpya na dramu ni ya zamani, mwambie zote ni za mwaka mmoja. Kilichotofautiana ni vifaa vya kuzitengenezea. Lanchester alitumia shaba kubana diski, na kelele yake ilikuwa ya kukera sana. Kwenye barabara za vumbi na matope za enzi hizo, chuma kilichoachwa wazi kililika upesi. Dramu ilikuwa imefunikwa. Ikashinda, na ikatawala kwa karibu nusu karne.

Kwa wale ambao hawajawahi kufungua gurudumu: dramu ni kama sufuria pana ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vinavyoitwa viatu vya breki, na kila kimoja kimebandikwa lainingi. Ukikanyaga pedali, viatu vinasukumwa nje vikagusa ukuta wa ndani wa sufuria. Diski ni tofauti: ni sahani bapa inayozunguka, na kalipa inaibana kwa pedi mbili, moja kila upande, kama unavyobana karatasi kwa vidole.

Kitu ambacho nilikuwa sikijui kabisa kabla ya wiki hizo mbili, na ambacho kwangu ndicho kiini cha hadithi yote, ni kwamba dramu inajisaidia yenyewe. Kiatu kinapogusa sufuria inayozunguka, mzunguko wenyewe unakivuta kiatu kibane zaidi. Fikiria kabari uliyoweka chini ya mlango: kadiri upepo unavyousukuma mlango, ndivyo kabari inavyojikaza. Katika muundo uliotumiwa sana Marekani, ule wa C10 ya rafiki yangu ukiwa mmojawapo, kiatu cha kwanza kinakisukuma cha pili, nacho kinajikaza vile vile. Mguu wako unaleta nguvu kidogo, gurudumu linajiongezea. Ndiyo maana gari zito la zamani lisilo na busta liliweza kusimamishwa na mtu wa kawaida. Diski haina msaada huo hata kidogo. Inarudisha kile ulichoipa, basi.

Lakini msaada huo una bei yake. Kitu kinachozidisha nguvu kinazidisha pia tofauti ndogo. Lainingi ikilowa kidogo upande mmoja, gari linavuta. Ikipata joto, ukuta wa sufuria unatanuka ukijitenga na viatu, pedali inashuka, na lainingi iliyochemka inateleza. Yeyote aliyewahi kuteremka Mai Mahiu nyuma ya lori la viazi akasikia ile harufu ya breki zinazoungua anajua ninachozungumzia. Diski ikipata joto inatanuka kuelekea pedi, na upepo unaipiga pande zote.

(Neno moja kwa wanaopenda kufungua dramu za zamani wenyewe. Kwa miaka mingi lainingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake lilibaki ndani ya sufuria. Marekani ilipiga marufuku asbesto aina ya krisotili mwaka 2024, breki za spea zikiwemo, lakini gari la 1972 linaweza kuwa na vumbi la miaka yote hiyo. Msipulize kwa hewa ya kompresa. Lowesheni, pangusa, na vaeni barakoa ya maana. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na asbesto huchukua miongo kujitokeza, na hauna tiba.)

Breki za mbele zilienea katika miaka ya 1920. Gari la Duesenberg la 1921 lilikuwa na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne, Chrysler ikazileta kwenye gari la bei ya wastani mwaka 1924, na Ford ikashikilia vyuma na nyaya hadi modeli za 1939. Mafuta yalileta kitu kizuri: shinikizo ni sawa kila mahali kwenye bomba. Sehemu hiyo ya historia ni ndefu lakini naipita, kwa sababu kwa hoja yetu inatosha kujua kwamba tangu hapo mguu mmoja ulituma amri moja kwa magurudumu manne. Amri ni moja, magurudumu hayafanani. Shikeni hapo.

Diski zilirudi kupitia mbio za magari na ndege. Kampuni ya Dunlop ilikuwa inatengeneza breki za diski za ndege, na ikashirikiana na Jaguar kuziweka kwenye gari la mbio aina ya C-type. Mwaka 1953 Duncan Hamilton na Tony Rolt walishinda saa 24 za Le Mans wakiwa na gari hilo. Mwishoni mwa barabara ndefu iliyonyooka waliweza kuchelewa kufunga breki kuliko wenzao wenye dramu, na wakafanya hivyo mchana kutwa na usiku kucha bila breki kufifia. Miaka miwili baadaye Citroën wakaonyesha DS huko Paris, gari la watu wa kawaida lenye diski mbele. Nyuma walibakiza dramu.

Hiyo DS ina kitu ambacho wapenzi wa magari husifu mara chache, maana wanamalizia sifa zote kwenye sura yake na ile springi ya mafuta na gesi. Mgawo wa breki kati ya mbele na nyuma ulitegemea uzito uliokuwa umekalia magurudumu ya nyuma. Ukipakia abiria watatu nyuma, breki za nyuma zinapata zaidi. Ukibaki peke yako, zinapata kidogo. Ilikuwa 1955, na tayari kulikuwa na wahandisi waliojua kwamba gurudumu la nyuma halihitaji breki kali. Linahitaji breki inayojua mzigo.

Pikapu za Marekani zilichelewa. Chevrolet iliweka diski za mbele kama kifaa cha kawaida kwenye pikapu zake nyepesi kuanzia modeli za 1971. Ndiyo maana C10 ya 1972 tayari ina diski mbele. Nyuma dramu zikabaki, na zikaendelea kubaki.

Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Chukua pikapu tupu ya kilo 2,000, yenye mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 70 juu ya barabara. Ikiwa imesimama, tuseme kilo 1,200 ziko mbele na 800 nyuma. (Namba ni za mfano, ila haziko mbali na hali halisi.) Sasa kanyaga breki kwa nguvu, gari lipungue mwendo kwa 0.7 ya nguvu ya uvutano. Uzito unaohamia mbele ni 2,000 mara 0.7 mara 0.7, gawanya kwa 3. Hizo ni kama kilo 327. Nyuma zinabaki kilo 473, chini kidogo ya robo ya uzito wote.

Sasa pakia magunia ya kilo 1,000 juu ya ekseli ya nyuma, na kitovu cha uzito kipande hadi sentimita 80. Nyuma kuna kilo 1,800. Ukifunga breki vile vile zinahama 560, zinabaki 1,240. Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya zile za gari tupu. Gurudumu ni lile lile, breki ni ile ile, mguu ni ule ule.

Gari dogo la saluni halina tatizo hili kwa kiwango hicho, kwa sababu tofauti kati ya tupu na lililojaa si kubwa sana. Pikapu ni kama mfumo ulioandikwa kuhudumia watumiaji 10 asubuhi na 10,000 jioni kwa mpangilio mmoja usiobadilika. Ukiupangia jioni, asubuhi unaharibu.

Na kuharibu kwenyewe si mchezo. Tairi ya mbele ikifunga na kuteleza, unapoteza usukani lakini gari linaendelea mbele likiwa limenyooka. Tairi ya nyuma ikifunga, haishiki tena upande, na nyuma ya gari inataka kuipita mbele. Gari linageuka. Kwenye pikapu tupu, barabara imelowa, hilo linatokea haraka kuliko dereva anavyoweza kufikiri. Kwa hiyo kila mhandisi wa pikapu amelazimika kuchagua: nyuma niweke breki ya kutosha mzigo na kuhatarisha gari tupu, au kinyume chake?

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mwaka 1987. Mwaka huo Ford waliweka mfumo wa kuzuia magurudumu kufunga kwenye pikapu za F-Series kama kifaa cha kawaida, na waliuweka kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Kihisio kimoja kilichokaa kwenye difu kilihesabu mzunguko, na kompyuta ndogo ilipunguza shinikizo la nyuma ikiona magurudumu yanataka kusimama ghafla. Mwaka uliofuata General Motors wakafanya kama hivyo. Mbele hakukuwa na kitu. Jamani, kama tatizo la nyuma lingekuwa upungufu wa breki, ni nani angetumia pesa za kompyuta kuzipunguza?

Sasa turudi kwa mafundi wa uani, ambao mimi nawaheshimu sana. Viwanda vilipokataa kuweka diski nyuma, wao walizitafuta wenyewe kwenye magari mengine. Kwa pikapu za Chevrolet chaguo maarufu lilikuwa kalipa za nyuma za Cadillac Eldorado ya 1976 hadi 1978, gari la kifahari lililokuwa na diski pande zote nne. Fundi anachomelea au kufunga bamba kwenye ekseli, anaweka diski, anafunga kalipa ya Cadillac. Kwa nini Cadillac? Kwa sababu ya handibreki. Kwenye dramu handibreki ni waya unaovuta wenzo mdogo ndani ya sufuria, karibu bure. Kwenye diski unahitaji utaratibu mwingine kabisa, na kalipa hizo zilikuwa nao ndani: skrubu inayosukuma pistoni ukivuta wenzo.

Hapo ndipo wengi walinaswa. Skrubu hiyo ndiyo pia iliyokuwa inarekebisha pengo pedi zinapolika, na ilifanya hivyo handibreki ikitumiwa. Mtu mwenye giaboksi ya otomatiki, ambaye huegesha kwa kuweka P tu na hagusi handibreki mwaka mzima, pengo linakua kimyakimya. Pistoni inasafiri mbali zaidi, pedali inashuka kila mwezi, na yeye anabadilisha masta silinda mara tatu akilaumu muuzaji. Sisi waandishi wa programu tunajua hadithi hii. Kazi ya usafi imefichwa ndani ya kitendo ambacho hakuna anayekitenda.

Njia nyingine ilikuja na Ford Explorer ya 1995 hadi 2001. Nyingi zake zilikuwa na ekseli ya nyuma ya inchi 8.8 yenye diski, na katikati ya kila diski kulikuwa na dramu ndogo ya handibreki. Ndiyo, dramu ndani ya diski. Wenye Ford Ranger na Jeep waliing'oa ekseli nzima kwenye magari yaliyochakaa wakaifunga kwenye yao. Kwangu huo ndio ukarabati wa akili zaidi, kwa sababu sehemu zote zilishapimwa pamoja kiwandani, na handibreki ikaachiwa dramu, inayoiweza.

Lakini ekseli au kalipa ni nusu ya kazi. Dramu za C10 hazikuwa zimekaa peke yake; kuna vitu vitatu juu ya bomba vilivyokuwa vinazitegemea. Cha kwanza ni vali ndogo ambayo magari mengi ya dramu yalikuwa nayo kwenye masta silinda, inayobakiza shinikizo la kama PSI 10 kwenye bomba hata ukitoa mguu. (PSI ni kipimo kile kile cha upepo wa tairi.) Dramu ina springi kali za kurudisha viatu, kwa hiyo PSI 10 haiisumbui. Kalipa haina springi hizo. Ukiiacha vali hiyo, pedi zinabaki zimeshika diski kidogo unapoendesha, na baada ya kilomita kadhaa gurudumu linanuka moto. Kwenye pikapu za zamani zaidi, kama Chevrolet za mwanzo wa miaka ya 1950 ambazo masta silinda ilikuwa chini ya sakafu, mafuta ya kalipa yanaweza kurudi chini yenyewe. Hapo wanaobadilisha huweka vali ya PSI 2, inayotosha kuyazuia bila kushika breki.

Cha pili ni vali inayochelewesha diski za mbele kwa muda mfupi ili viatu vya nyuma vipate nafasi ya kushinda springi zao. Ukiweka diski nyuma, hakuna tena cha kusubiri. Cha tatu ni vali ya mgawo, inayopunguza shinikizo la nyuma unapokanyaga kwa nguvu. Hiyo ilipimwa kwa dramu inayojikaza yenyewe. Sasa kuna diski isiyojikaza, yenye pistoni ya ukubwa mwingine. Je, nyuma kutakuwa na breki nyingi mno au kidogo mno? Haiwezekani kujua kwa kutazama. Kalipa ndogo inaweza kukupa breki dhaifu kuliko zile dramu ulizotupa, na mbele kubebeshwa kila kitu. Kalipa kubwa inaweza kufunga tairi mapema.

Kila mmoja wetu amewahi kuona mtu akiondoa moduli ya zamani akaweka mpya, nzuri zaidi, halafu mfumo mzima ukaanguka kwa sababu sehemu nyingine tatu zilikuwa zinategemea tabia za ile ya zamani ambazo hazikuandikwa popote. Vali hizi ni tabia hizo zilizotupwa kwenye chuma.

Wanaofanya kazi hii vizuri huweka vali ya mgawo inayorekebishwa kwa mkono, halafu wanajaribu gari likiwa tupu kwenye eneo wazi lisilo na watu, wakianza na shinikizo dogo la nyuma na kuliongeza kidogo kidogo, hadi wahakikishe kwamba magurudumu ya mbele ndiyo yanayofunga kwanza. Wanatazama pia masta silinda. Ikiwa na kipenyo kidogo inatoa shinikizo kubwa lakini pedali inasafiri mbali. Ikiwa na kipenyo kikubwa ni kinyume. Na kikopo cha mafuta kilichotengenezewa dramu kinaweza kuwa kidogo mno kwa diski, kwa sababu pedi zikilika mafuta yanashuka kujaza nafasi nyuma ya pistoni.

Rafiki yangu nilimshauri aache dramu, anunue viatu vipya, mabomba mapya ya mpira na pedi nzuri za mbele. Hakufurahi. Nakubali kuna watu wenye sababu za kweli: anayevuka mito na matope kila siku, kwa sababu dramu ikijaa maji inachukua muda kukauka na tope linasaga lainingi, anayeweka matairi makubwa sana, na anayevuta trela nzito kwenye milima. Yeye huendesha Jumamosi kwenda kununua mbao.

Nyumbani tatizo hili lina sura nyingine. Toyota Hilux nyingi tunazoziona barabarani zina dramu nyuma, na nyingi za zamani zina wenzo mwembamba kati ya fremu na ekseli ya nyuma, uliounganishwa na vali. Mzigo ukiongezeka fremu inashuka, wenzo unainuka, na breki za nyuma zinapewa shinikizo zaidi. Ni wazo lile lile la Citroën, kwa chuma cha bei nafuu. Sasa fikirieni mwenye Hilux anayeongeza majani ya springi ili abebe zaidi. Gari linakaa juu hata likiwa limejaa, wenzo unaiambia vali kwamba sanduku ni tupu, na breki za nyuma zinanyimwa nguvu wakati zinapohitajika zaidi. Kuna gereji moja nilikopeleka gari la mjomba wangu ambako fundi alikuwa ameufunga wenzo huo kwa waya ukiwa umeinuliwa juu, "breki zishike vizuri". Zilishika kweli. Mvua ya kwanza, gari tupu, mjomba alijikuta ametazama alikotoka. Ilitosha kuufungua waya na kurekebisha urefu wa wenzo kulingana na springi mpya. Kama pikapu yako imeinuliwa au imeongezwa springi, mwombe fundi aukague wenzo huo kabla hujanunua spea yoyote ya breki.

Kwa hiyo viwanda vilikaa kimya miaka yote hiyo? Hapana, na hapa historia inachekesha. Chevrolet Silverado ya modeli ya 1999 ilitoka na diski pande zote nne. Wapenzi wakasema hatimaye. Mwaka 2005 General Motors walirudisha dramu nyuma kwenye Silverado nyepesi za 1500. Diski ya nyuma ya pikapu iko wazi, inarushiwa mchanga, matope na chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu, na kwa kuwa haifanyi kazi nyingi haijisafishi kutu. Dramu imefunikwa, kama ilivyokuwa mwaka 1902. Diski zilirudi tena kwenye Silverado ya 2014. Toyota Tacoma nayo iliuzwa Marekani na dramu nyuma tangu 1995 hadi modeli ya 2023, diski zikafika na modeli ya 2024.

Kilichobadilika katikati, kwa maoni yangu, ni programu. Marekani ilitaka magari mapya yote mepesi, pikapu zikiwemo, yawe na udhibiti wa kielektroniki wa uthabiti kufikia modeli za 2012. Gari lenye mfumo huo tayari lina kihisio kwa kila gurudumu na pampu inayoweza kupunguza shinikizo la kila moja peke yake. Mgawo wa mbele na nyuma ukawa mistari ya msimbo inayokokotolewa mara nyingi kila sekunde, badala ya wenzo na springi. Kompyuta haiulizi kama umepakia magunia. Inaona tu gurudumu la nyuma linaanza kupunguza mzunguko kuliko la mbele, na inalegeza. Ukiwa na kitu hicho, unaweza kuweka breki yoyote nyuma.

Hata dramu. Volkswagen walipotengeneza magari yao ya umeme ID.3 na ID.4, yaliyoonyeshwa 2019 na 2020, waliweka dramu nyuma kwa makusudi. Mota ya umeme ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi na kurudisha chaji kwenye betri, kwa hiyo breki za nyuma zinakaa siku nyingi bila kazi, na diski isiyotumika inashika kutu. Sufuria iliyofunikwa haina wasiwasi huo. Na handibreki ya ID.4 ni mota ndogo inayovuta viatu vya dramu hiyo hiyo.